Taa yangu ya kwanza niliivunja kwa nyundo

Ilikuwa Jumapili asubuhi barazani, mama mwenye nyumba yuko pembeni na ungo wake anapepeta mchele, mi nimeshika nyundo. Akaniangalia weee, afu akauliza, "mwanangu, si hiyo hiyo uliyokaa nayo wiki tatu unaisugua?" Nikamwambia ndio mama. Hakuongeza neno, akarudi kwenye mchele wake. Nikapiga mara moja haikuvunjika, kifuu kigumu jamani, mara ya tatu ndo ikapasuka na kipande kikarukia mpaka kwenye ndoo ya maji ya watu.

Sasa nieleze tulifikaje huko.

Mi nafanya kazi duka la stationari huku Temeke, natoa kopi, nalamineti vyeti, napiga picha za pasipoti, toka asubuhi mpaka giza linaingia. Sijasomea umeme wala sanaa. Utotoni Pangani kwa bibi nilikuwa natengeneza magari ya waya kama watoto wote wa kule, tairi tunakata kwenye kandambili zilizochakaa, na kwa kuwa mi ni wa kike nilikuwa nasemwa sana ila gari langu ndo lilikuwa linakata kona vizuri, hilo hata leo sibishani na mtu. Baadae shule, baadae Dar, mikono ikalala. Ikaja kuamka mwaka ambao umeme ulikuwa unakatika kila jioni huku kwetu, nikachoka na tochi ya simu, nikasema kwani taa ni nini, si betri na balbu.

Pale karibu na duka kuna mama anauza wali wa nazi mchana, vifuu anavitupa kwenye kiroba au anawashia jiko. Nikaanza kuviokota. Ila mi nilikuwa nataka tufe zima, sio bakuli, kwaiyo nikanunua nazi nzima, nikaikata katikati kwa msumeno wa chuma taratibu nikiizungusha, maji yakamwagika kwenye kanga, basi tena. Nyama yake usihangaike kuikwangua na kisu utajikata, weka juani siku mbili tatu, inasinyaa inageuka mbata na inabanduka yenyewe karibu yote. Wiki ile nilikula wali wa nazi mpaka nikaukinai.

Halafu kusugua. Hapa ndo utamu ulipo na ndo mateso yalipo. Nje kifuu kina nyuzi nyuzi zimeng'ang'ania kama ndevu za mzee, unaanza na msasa mkali namba 80, unashuka 120, 240, unamalizia 400 ukiwa unalowesha maji. Vumbi lake ni jembamba kama poda ya mtoto na linakaba, siku ya kwanza nilisugua bila barakoa nikakohoa usiku kucha, jirani akanigongea ukuta. Vaa barakoa. Lakini ukifika namba 400 ukafuta na kitambaa unaona kitu ambacho ulikuwa unakitupa jalalani miaka yote kina rangi kama ya kahawa na mistari inapita ndani yake, afu unapaka tone la mafuta ya nazi, aisee. Nilikuwa nakaa kitandani naigeuzageuza tu kama mjinga.

Nikatoboa matundu kwa drili ndogo ya mkono, vinyota vinyota, nikifuata mchoro wa kanga. Ndani nikaweka taa nne za LED, betri, kabodi ka chaji (kale kakibao ka saketi kanakojaza betri), swichi. Nikawasha chumba giza. Ukutani, darini, mpaka kwenye chandarua, vinukta vya mwanga kila mahali. Nililia kidogo, sio siri.

Basi nikafunga zile nusu mbili kwa gundi, ile ya tyubu mbili unachanganya, nikasugua tena pale kwenye muungano mpaka huoni mstari. Hakuna skrubu, hakuna alama, tundu la chaja tu na swichi. Nilikuwa najivunia hasa pale pa muungano, kila aliyekuja nilimwambia tafuta nilipokatia, hakuna aliyepaona.

Ikakaa wiki tatu nyingine ikazima.

Nikaichaji, kimya. Nikaitikisa, ikawaka sekunde mbili, ikazima. Nikaitikisa tena, ikawaka, ikazima. Hapo nikajua kuna waya umeachia ndani, na hakuna pa kuingilia. Mnakumbuka kile kitendawili, nyumba yangu kubwa haina mlango? Yai. Na yai unaliingia kwa njia moja tu.

Baada ya nyundo nilikuta nini, nilikuta waya mmoja mwekundu umeng'oka kwenye kabodi. Mmoja. Kuurudishia ni kama sekunde kumi. Wiki tatu za msasa nimezipasua kwa kazi ya sekunde kumi. Nilikaa pale barazani na vipande mapajani, mama mwenye nyumba kamaliza mchele kaondoka, mi bado nipo.

Jumatatu baada ya kazi nikachukua vile vipande na kale kabodi kwenye rambo nikaenda Kariakoo kwa mzee mmoja fundi redio. Namfahamu kwa sababu huwa anakuja kutoa kopi dukani, kopi za vitambulisho kila mara sijui anaviomba nini. Ana kimeza chini ya ngazi, kimejaa redio za zamani zile za mbao na spika zimetoboka.

Shikamoo mzee. Marahaba binti, umeleta nini leo, biskuti? Maana vile vipande kwenye mfuko vilikuwa vinagongana. Nikamweleza mkasa wote. Hakucheka, na mi nilitaka acheke ili yaishe. Akachukua kabodi akavaa miwani akageuza kwenye mwanga, akaangalia ile risasi niliyoyeyushia kushikiza waya, akaniambia "binti, hii risasi yako imekaa kama umande juu ya jani la mgomba. Ukigusa inadondoka. Wewe unapasha risasi, hupashi waya."

Hicho kitu mwaka mzima nilikuwa nakikosea. Mi nilikuwa nayeyusha risasi kwenye ncha ya chuma cha moto cha kuchomelea halafu naipeleka kuidondoshea kwenye waya kama napaka siagi. Kumbe unaweka ncha ya chuma igusane na waya na bodi vyote kwa pamoja, unahesabu moja mbili tatu, vikishapata moto ndo unagusisha risasi upande wa pili na inatiririka yenyewe, inang'aa, inatambaa chini ya waya. Ile ya kudondoshea inaganda juu juu, inakuwa kigololi kilichofifia, kwa nje waya umeshika, ndani hakuna kitu. Wenyewe wanaita joint baridi. Inafanya kazi leo na kesho, keshokutwa ukigusa meza inaachia.

Akanifanyisha pale pale mara kama kumi na tano, kwenye bodi iliyokufa. Afu akachukua moja ya zile redio za mbao, ya zamani kuliko mimi, akafungua mgongo wake. Skrubu nne. Ndani ya kifuniko kumebandikwa karatasi imekuwa njano, mchoro wa saketi nzima, kila rizista na namba yake. "Waliotengeneza hii," akasema, "walijua itaharibika, na walijua mimi nipo."

Nikatoka pale sijasikia hata honi za daladala.

Mnaweza kusema ni neno dogo. Kwangu lilipindua kila kitu, maana mpaka siku ile nilikuwa najua kazi nzuri ni ile ambayo huoni ilipofungwa, kama simu hizi mpya ambazo hata betri hutoi, unapewa kipande cha kioo kimegundishwa huku na huku. Nilikuwa naiga simu. Na mi bibi yangu ni msuka mikeka, nimekaa miguuni kwake utoto wangu wote nikimuona akikosea safu moja ya ukili anafumua mpaka pale pale alipokosea, anaanza upya, wala hasemi lolote. Hajawahi kutengeneza kitu kisichofumuka. Nilikuwa nimekaa na jibu miaka yote hiyo nikaenda kulitafuta Kariakoo.

Taa ya pili kwa hiyo nikaipa mlango. Badala ya tufe nikachukua nusu kifuu tu kama kofia, chini yake kitako cha mbao, skrubu tatu zinapita pembeni ya kifuu zinaingia kwenye mbao. Mbao nikaenda kuomba Mwenge kwa wachongaji, kuna kaka pale akanipa vipande vya mpingo vilivyobaki, vile vyenye ukingo mweupe ambao wao hawautaki sana kwenye vinyago maana wanatafuta ule moyo mweusi. Mi ule weupe na weusi kukutana ndo niliupenda. Akaniambia tupa kwenye ndoo ya maji uone. Nikatupa, kikazama kama jiwe. Mbao inazama! Nilirudia mara tatu kama mtoto.

Sasa mbao ya hivo usiingize skrubu kavu kavu. Mi niliingiza. Ya kwanza ikakatika kichwa, nikabaki na mwili wake ndani hautoki, ya pili mbao ikapasuka tii kama kioo. Mpingo lazima utoboe kwanza tundu jembamba kidogo kuliko skrubu, na skrubu uipitishe kwenye sabuni ya kufulia kabla ya kuizungusha. Hiyo ya sabuni alinifundisha yule yule kaka wa Mwenge baada ya kuniona narudi kuomba kipande kingine kwa aibu. Kifuu nacho usitoboe karibu sana na ukingo, acha angalau upana wa kidole, kinameguka.

Betri nilikuwa natoa kwenye betri za laptop zilizokufa. Hapa nikae kidogo maana naona watu wanafanya hivi kiholela. Betri za laptop zile za zamani nene ndani zina seli za duara, mara nyingi sita, ukubwa wake wanauita 18650 yani upana milimita 18 na urefu 65. Laptop inasema betri imekufa lakini mara nyingi wamekufa wawili, wengine wazima. Unapima kwa testa, ile inayosoma volti. Seli nzima ikijaa inafika volti 4.2, ya kawaida inakuwa 3.7 hivi. Ukikuta iko chini ya 2 mi siihangaikii, haiingii ndani kwangu, naitenga. Na usifungue kwa bisibisi kwa pupa. Mi bisibisi iliteleza ikagusa chanya na hasi kwa pamoja, cheche, ncha ya bisibisi ikaliwa kipande, na kitambaa cha meza kikapata tundu ambalo bado lipo, nimeweka chombo cha maua juu yake. Sasa hivi nafungua kwa kipande cha plastiki, na pembeni nina ndoo ya mchanga. Mama mwenye nyumba anadhani ni wa paka.

Pia usichomee risasi moja kwa moja kwenye seli, moto unaiumiza ndani. Nunua kile kiboksi cha plastiki chenye springi, seli inaingia na kutoka kama kwenye rimoti. Ona, inatoka! Mpaka betri nayo nimeipa mlango. Na kabodi ka chaji chukua kale kenye matundu sita, ambako kana sehemu ya betri na sehemu ya kutolea umeme mbalimbali, kale kenye matundu manne hakaikingi seli isiishe kupitiliza. Kwa sura vinafanana sana, bei vinapishana kidogo tu, muuzaji asikuharakishe.

Rizista nazo, vile vidude vya kupunguza umeme, zina kisa chake. LED nyeupe inataka kama volti 3, betri iliyojaa ina 4.2, hiyo inayozidi lazima kitu kiimeze, ukigawanya na ule umeme kidogo inaokula LED unapata kama ohmu 60, rizista ya karibu dukani ni 68. Namba yake inasomwa kwa mistari ya rangi, bluu, kijivu, nyeusi. Sasa kuna ya 680 ambayo ni bluu, kijivu, kahawia, na usiku kwa mwanga wa tochi nyeusi na kahawia ni ndugu wa tumbo moja. Taa nzima nikaifunga na 680, ikawaka kama kimulimuli mgonjwa. Ila safari hii sikupaniki, skrubu tatu, nikafungua, dakika ishirini nimebadilisha zote nne, nikafunga. Nilivyofunga ile skrubu ya mwisho nilijisikia tajiri kuliko siku ile ya vinyota darini.

Taa ya hivo inakaa zaidi ya saa 20 hata kwa seli iliyochakaa. Na jirani yule aliyekuwa analalamika kuwa nakula umeme wa LUKU na chuma changu cha risasi, nikamkalisha chini tukapiga hesabu, chuma kina wati 40, ili kile yuniti moja nikiwashe saa 25. Pasi yake ya nguo inamaliza yuniti kwa saa moja hivi. Tangu siku hiyo tunasalimiana tu.

Baada ya hapo nikapata kiburi nikataka spika. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mi nilikuwa nimesifiwa na ofisi nzima ya jirani kwa zile taa. Nikachukua kibuyu kikubwa kimekauka vizuri, mbegu zinacheza ndani, nikakata mdomo, nikaingiza maji na kokoto nikatikisa mpaka utando wote ukatoka. Nikanunua kale kabodi kadogo ka amplifaya ka volti 5, bei ya sahani ya chipsi. Kana sehemu za kuunga spika mbili, kushoto na kulia, waya nne. Mi nikasema hasi ni hasi, nikaunganisha hasi mbili za spika pamoja nikapeleka kwenye hasi ya betri, niokoe waya. Kakapata moto, kimya. Nikanunua kengine nikafanya vile vile maana nilidhani kale ka kwanza kalikuwa kabovu. Kimya. Yule mzee wa Kariakoo nilipompelekea ka pili hapo ndo alicheka, akacheka mpaka akavua miwani. Kumbe hivyo vibodi waya zote mbili za spika ziko hai, kila spika lazima iwe na waya zake mbili peke yake, hasi ya spika haikutani na hasi ya betri hata kidogo. Ka tatu kakaimba.

Kilichonishangaza zaidi ni kibuyu chenyewe. Spika ikiwa mezani uchi inalia kama redio ya jirani ndani ya kopo, besi hamna, kwa sababu sauti ya nyuma inazunguka inakuja kuiua ya mbele. Ukiiweka mdomoni mwa kibuyu na kuziba, ya nyuma inafungiwa ndani na besi inatokea pale pale, unaisikia kifuani. Ila shida mdomo wa kibuyu hauko sawa na spika ni bapa, ina upenyo, inapiga miluzi. Nilijaribu gundi (ndio, tena gundi, mtu hajifunzi mara moja), halafu nikaona kandambili yangu mlangoni. Nikakata pete kwenye soli yake, nikaiweka kati ya spika na kibuyu, skrubu nne kupitia humo humo, ikabana kila upenyo. Kandambili ile ile ya magari ya waya. Nikawa natembea na mguu mmoja nyumbani wiki nzima kabla sijanunua nyingine.

Rangi ndo ilichelewa kuja. Skrubu sasa zinaonekana na mi sipendi kuona vichwa vya chuma vimekodoa kwenye kazi yangu, basi nikataka nizipake. Nikaenda Oyster Bay kwa wachoraji wa tingatinga, nikakaa pembeni nawaangalia tu, hawana neno ukiwa na adabu. Wanatumia rangi ya mafuta ya kung'aa, ya madukani, na usuli unapakwa kwanza unaachwa ukauke kabisa ndo anakuja ndege, afu nukta juu ya ndege. Staili yenyewe ina jina la mtu, Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa kusini huko Tunduru aliyekuja kuishi Dar, alianza kuchora miaka ya mwisho ya 1960 na 1972 akafariki, yani miaka michache mno, na alianza na hadibodi na rangi za kupaka vitu kama baiskeli, kwa sababu ndo vitu vilivyokuwepo dukani. Hilo lilinikaa. Mi nilikuwa nasubiri nipate pesa ya rangi maalum za wasanii, siku ile nikarudi na kopo dogo jekundu na jeusi la duka la vifaa vya ujenzi.

Nikapaka, baada ya wiki ikabanduka yote kama ngozi ya mtu aliyeungua na jua. Mafuta ya nazi! Nilikuwa nimekipaka kifuu mafuta king'ae, afu nikaja na rangi juu ya mafuta. Kwaiyo ukitaka rangi, mafuta acha, futa na thina kwanza. Na wakati wa masika usithubutu kupaka koti la pili kesho yake, huku unyevu ni mwingi, juu panakauka chini bado, koti la pili linakunjamana kama shuka. Mi nasubiri siku tatu.

Vichwa vya skrubu siku hizi sivifichi. Nimevifanya macho. Skrubu tatu, ndege watatu, kila ndege jicho lake ni skrubu na mstari wake wa bisibisi ni kama mboni ya jicho la mbuzi. Mtu akitaka kufungua taa anaanza kwa jicho la ndege. Natumia skrubu za mstari mmoja makusudi, sio zile za nyota, kwa sababu ya mstari unafungua hata kwa sarafu au kisu cha jikoni.

Watu wameniambia niuze, ndo neno la kwanza la kila mtu, dada hii biashara. Nimeuza mbili tatu. Mmoja alitaka ndege bila macho, skrubu zisionekane, nikamwambia basi hiyo siitengenezi, akaniona nina dharau. Labda. Mi mshahara wangu unatoka kwenye mashine ya kopi, hiki cha usiku nakitaka kiwe na sheria zangu.

Ile ya kwanza kabisa yenye ndege nilimpelekea bibi Pangani. Bibi maisha yake yote ametumia koroboi, ile ya kopo yenye utambi, na ukimpa kitu cha kuwaka anafanya jambo moja tu, anakigeuza chini juu. Akaigeuza. Akaipapasa. Akaniuliza, "haya, mafuta yanaingilia wapi?" Wajukuu wakacheka, mi sikucheka, maana ndo swali nililopaswa kujiuliza kabla ya ile ya nyundo. Koroboi siku zote inafunguka, ingekuwa haifunguki ingewaka usiku mmoja. Nikamuonyesha macho ya ndege, nikampa kisu, nikafungua mbele yake, nikamuonyesha betri, huku ndo mafuta yake bibi, na huku kwenye tundu ndo unajazia. Akasema "haya". Bibi akisema haya huwezi kujua.

Miezi kama minne ikapita. Wiki iliyopita kapiga simu, na bibi hapigi simu kwa salamu.

"Taa yako ilizima juzi."

Nikaanza, bibi usiiguse nakuja, nitamwambia kaka apite kuichukua.

"Aichukue ya nini? Nimeifungua."

"Kakufungulia nani?"

"Nimefungua mie. Si ulinionyesha? Mna sisimizi humo, wamehamia na mayai yao, wamejaa mpaka kwenye mafuta. Nikawakung'uta uani. Na kuna kijiwaya chekundu kilichomoka, nimekirudisha kwenye chuma chake nimekifunga na uzi. Inawaka."

Sikuwa na la kusema. Nikauliza tu kama ameifunga vizuri.

"Nimefunga. Ila ule msumari wako mmoja wa kuzungusha ulidondoka, nadhani kuku kaumeza, ndege mmoja hana jicho. Uniletee mwingine ukija."

Nimeweka sita kwenye kimfuko cha karanga, na kopo la rangi nyekundu. Naondoka Ijumaa na basi la asubuhi.